Siku Tulikula Panya, Moto Ikakula Shamba

Bantu bale balichoma shamba yangu ya Kasungami nitabasema wazi: bwana yangu na ndugu yake mukubwa. Wa tatu njo muzungu wa kilimo, ule wa Élisabethville. Alitukatazaka kuchoma majani mu mwezi wa tano, wakati ingali mubichi na moto inatembea polepole. Alitutisha na kifungo. Basi mwezi wa tisa majani ilipita bichwa byetu, kavu kama karatasi.

Ile mwaka mvua ilikwisha mapema. Nyama hakuna. Shemeji akakuja na jembe ku bega.

"Bibi yetu, tayarisha chumvi. Tutawasha majani, tuchimbe panya. Leo utanona, utashindwa kupita mu mulango."

"Na upepo?"

"Upepo iko nalala."

Bwana yangu akacheka, akawasha.

Ile panya! Mafuta ilitushuka mpaka mu mikono. Mamamukwe alilamba mifupa, akaimba, siye wote tukacheka kama bantu ya kulewa. Moto ilizunguka kichuguu, ikaingia mu mihogo nyuma ya migongo yetu. Tulikuwa tungali natafuna.

Kesho yake miti yote ya mihogo ilikuwa nyeusi. Bwana yangu akasema, "Naenda kutia kidole tena ku kontra, karatasi ya kazi ya mugodi." Kidole yake njo ingetupeleka mu kambi, chumba moja na posho ya kupimiwa. Nilikwisha kuishi kule. Nikamwambia, "Ngojea mvua ya kwanza. Kama mihogo ilikufa, nitafunga mizigo mimi mwenyewe."

Kila asubui mamamukwe na mimi tulikwaruza miti na kucha, tuone kama ndani iko bado kijani.

"Huyu iko na damu," anasema. "Huyu alikufa. Huyu anajifanya tu, mvivu kama batoto bangu."

Shemeji alituletea mayi ku bega, mbali kabisa, ndoo mbili. Anapolalamika mama yake anamuuliza, "Panya ilikuwa tamu? Basi beba."

Mvua ilichelewa. Bwana yangu akavaa viatu vya kazi, akavivua, akavaa tena. Ikanyesha siku mbili. Siku ya tano nikaona kitu kyekundu chini ya shina nyeusi, kidogo kama kidole ya mutoto. Tena kingine. Nikakimbia, kitenge ikaanguka, sikuiokota. Mamamukwe alicheza na jembe mpaka akaanguka mu matope, akabakia pale anacheka.

Shemeji akainama akavunja jani. "Tutakula sombe."

Mama yake akamupiga mukono. "Ulikwisha kula shamba moja."

Majani ile ya sombe hatukugusa. Mwaka wa kwanza tulikata miti tu, tukapanda. Mihogo yenyewe tuliingoja mpaka mwaka wa tatu, na njaa tuliiona. Mpaka leo sijabasamehe. Lakini ile siku mihogo ilichipuka bwana yangu alivua viatu, akaniuliza aanze kulima upande gani. Nilimuonyesha upande wenye mawe.