Pikapu Niliyoilaza Tumbo

Mwaka mzima mama yangu mzazi alikataa kupanda gari langu.

Si kwamba hatoki. Anatoka! Kliniki anakwenda, sokoni anakwenda, tena kwa kigari cha jirani yake mstaafu. Kigari chenyewe kidogo, ukipiga chafya ndani vioo vyote vinaloa.

Langu? Thubutu.

Nikifika na pikapu nimchukue aje kwangu kuona wajukuu, sababu haikosekani. Leo ana nguo za kufua. Kesho harufu ya dizeli inamchefua. Keshokutwa amechoka tu. "Nenda mwanangu, wasalimie."

Wanangu wakaanza kuuliza bibi amemkasirikia nani.

"Umemkosea mama yako," mke wangu akaniambia. "Tafuta kosa, ukaombe radhi."

Nikatafuta. Makosa ninayo mengi, ila yote alishanigombezea.

Ndipo akili yangu, ambayo huchelewa kufika na ikifika inakosea mlango, ikanipa jibu: Mama anaona aibu! Kigari cha jirani kimetulia chini, kinang'aa. Pikapu yangu ya kubebea makabati ya seremala imenyanyuka kama mbuzi anayetaka kuruka ukuta. Nani apande hiyo, aonekane?

Nikaamua kuishusha. Ikae chini, ipendeze, mwenye mwana apande kwa maringo.

Fundi wangu ni mtu mpole, anafuta mikono kwa tambara hata kama haijachafuka. Akanipangia vitu mezani: springi fupi za mbele, shokapu fupi za kuendana nazo, na vipande viwili vya chuma vya kukaa kati ya ekseli ya nyuma na springi zake bapa.

"Mbele inchi mbili, nyuma tatu," akasema. "Unabeba mizigo?"

"Kidogo kidogo tu."

Mimi huyo! Juzi yake nilibeba makabati manne, na seremala mwenyewe kakaa juu.

"Basi mbili na tatu zinakutosha."

"Fundi, mimi nataka ilale. Weka nne na tano."

Akanitazama kwa huruma. "Gari lako, kaka. Na matuta yako."

Jioni ikatoka imelaza tumbo. Ilipendeza, jamani! Nikatoa kiwiko dirishani, nikavaa miwani ya jua, na jua lenyewe limeshazama.

Tuta la kwanza: krrrr.

Tuta la pili nikapanda, nikabaki hukohuko. Matairi ya mbele upande huu, ya nyuma upande ule, tumbo limekaa katikati.

Wasusi wa saluni wakatoka, mmoja bado kashika kitana. "Kaka, gari limezimia? Tulimwagie maji?"

Wakanisukuma. Nikawashukuru bila kuvua miwani.

Kesho yake nilipakia makabati mawili tu, matairi yakaanza kusaga bodi. Nilipofika, seremala akainama, akanusa kabati lake.

"Mimi nililipaka vanishi. Hii harufu ya mpira umeiongeza wewe?"

"Bosi, ni joto la barabara."

"Wiki ijayo ukija na joto hilo, natafuta gari lingine."

Jumamosi nikashika njia ya kwa fundi, airudishe juu ilivyokuwa. Njia hiyo inapita kwa Mama. Nikasimama nimsalimie tu, kumbeba wala sikuwaza.

Mama akaitazama pikapu. Akainuka polepole, mkono mmoja ukutani. Akaja, akafungua mlango mwenyewe, akageuka, akakaa kwanza. Akaingiza mguu mmoja. Ule wa pili akaunyanyua kwa mikono miwili, kama mzigo wa mtu mwingine.

"Twende," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Kwako. Au umehama?"

Nikautazama ule mguu. "Kumbe ni mguu?"

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani unalionea aibu gari langu."

Alicheka mpaka akashika dashibodi. "Aibu ya gari! Mwanangu, lile lilikuwa ghorofa. Mguu haupandi."

"Si ungesema nikubebe?"

"Unibebe kama kiroba cha unga, majirani wanatazama? Mimi niliyekubeba wewe?"

Nikawasha gari. Kila tuta tulilipita kwa krrrr, naye kila tuta akiniambia, "Taratibu, baba, hatufukuzwi."

Wajukuu walivyomvamia mlangoni, mke wangu akageukia ukuta kufuta macho. Mimi nilijifanya nakagua tairi.

Jumatatu nikaenda kwa fundi na Mama.

"Tuiweke wapi sasa?" fundi akaniuliza.

"Muulize mwenye gari."

Fundi akabadilisha vyuma, akashusha jeki. Mama akapanda, akashuka. Fundi akabadilisha tena. Mama akapanda, akashuka. Mara ya tatu akaitikia kwa kichwa kama anayeonja mboga: "Hapo. Usiguse tena."

Siku hizi nabeba makabati mawili mawili, safari zimeongezeka, na seremala ananuna kila asubuhi. Anune tu. Jumapili kiti cha mbele kina mtu.

Wewe unayesoma hapa, mzazi wako akikataa kitu chako, usikimbilie kuhesabu ulichomkosea. Mtazame kwanza anavyoinuka kitini.

Mimi mwaka mzima nilikuwa nikifika kwake, ninachotazama ni kama nimeegesha vizuri.