Vilemba vya Magunia ya Luhende

Luhende wa Kwihara ana ng'ombe wawili wa kulimia. Asubuhi ile alipowafunga kwenye mkokoteni alikuwa ameshakubaliana na Sabiri, mchinjaji wa mjini Tabora, kwamba choroko zisipolipa mwaka huu atamwachia wote wawili. Kulipa maana yake akishawapa wapaliliaji haki yao, abaki na cha kulimia tena. Mwaka jana hakikubaki. Mwaka juzi ndio usiseme.

Mimi nilikuwa mgeni wake, nimelala kwake siku kadhaa kama ninavyolala kwa watu, nikaona si vizuri kula ugali wa mtu halafu nisimsindikize. Mkewe, Gaudensia, alitufungia matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, akasimama mlangoni kuwatazama ng'ombe mpaka tulipopotea machoni pake.

Watu wa Kwihara walikuwa wamejiunga ili choroko zao zijaze kontena moja, ziende bandarini na ng'ambo bila kupitia kwa walanguzi. Kontena lilikodiwa na Sameer, mfanyabiashara wa mjini, likawekwa kwenye uwanja wa mizigo karibu na stesheni. Mkutanoni alieleza vizuri tu: safari hii tunauza kwa kilo, na magunia yawe bapa yapate kupangika. Luhende alikuwepo, akaitikia.

Ila mkono wake haukuhudhuria mkutano. Tangu ujana ameshona lumbesa: gunia likishajaa unaliongezea kilemba juu, unakizungushia kamba mpaka kinafura. Imekatazwa, na kila mtu anajua imekatazwa. Lakini ukimpelekea mlanguzi gunia bapa anakuuliza kama lina njaa, na bei ni ya gunia, kilemba kiwepo kisiwepo. Basi tukafika uwanjani na magunia kumi, yote yamevaa vilemba, kama masheikh wanaokwenda maulidini.

Majidi, msimamizi wa wapakiaji, alitusalimia kwanza. "Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Mzigo huu wa nani? Mmetuletea harusi?" Vijana wake wakacheka. "Mzee, haya hayapangiki. Fumua, punguza, ushone upya. Kontena linafungwa leo."

Luhende alichomoa shazia, ile sindano kubwa ya magunia, kwenye kofia yake, akakaa chini juani. Mimi nilishika midomo ya magunia, yeye akafumua na kushona. Vidole vyake vimepinda, na kila tundu aliliendea taratibu kama mtu anayepanda ngazi. Choroko zilizozidi tulizimwaga kwenye turubai pembeni.

Sameer akaja akaketi juu ya gunia, akataja bei ya kilo. Ilikuwa juu kidogo ya ile ya walanguzi. Kidogo kweli.

"Mbona tunasikia bandarini inafika mara mbili?" Luhende akauliza.

"Sikatai, mzee wangu. Lakini toa kontena, toa treni, toa kuchekecha na dawa ya wadudu, toa ushuru, toa na zile siku mzigo umekaa bandarini meli haijaja. Ninachobaki nacho ni kidogo."

"Kidogo chako kina gari, mwanangu."

"La mkopo!"

"Basi tuko sawa. Hata hawa ng'ombe wangu wana Sabiri."

Sameer akacheka, akaondoka. Luhende alibaki akichezesha midomo, anapiga hesabu ya magunia kumi. Akatikisa kichwa. "Wapaliliaji watapata," aliniambia. "Mimi hapana."

Sabiri hakukawia. Alikuja na kofia yake nyeupe, akampapasa ng'ombe mweusi mgongoni. "Huyu amenenepa. Unamlisha choroko?"

"Mwondolee mkono. Bado yuko kwangu."

"Nampima tu, mtani. Na wewe ningekupima, ila mifupa mitupu."

Alasiri gunia la mwisho liliingia. Luhende akaokota kamba zake, akaanza kuwafunga ng'ombe.

"Mzee," Majidi akaita, "na hizi?"

"Zipi?"

"Hizi za kwenye turubai. Si chini ya gunia tatu."

Luhende akamtazama. "Hizo si zenu?"

Majidi alianza kucheka, akaacha. "Zetu kivipi? Za kwako. Hapa tunalipa kwa kilo. Lete magunia tupime."

Zilijaa magunia matatu, na zikabaki za kujaza kofia. Nafasi ilikuwepo. Hayo matatu ndiyo yalikuwa ya kulimia.

Nilidhani atafurahi. Alikaa kwenye ukingo wa mkokoteni, mikono magotini.

"Kila mwaka," akasema.

"Ehe."

"Kila mwaka, tangu Gaudensia akiwa mwali."

Sabiri, aliyekuwa bado kando ya ng'ombe, akasema, "Haya, nikanoe kisu au nisinoe?"

"Kamtafute mbuzi."

"Nilijua. Wewe si mtu wa kuaminika," akasema Sabiri, huku akitusaidia kuinua nira.

Luhende alilala juu ya mkokoteni mtupu kabla hatujaziacha nyumba za mwisho za mji. Nilitembea mbele, ingawa ng'ombe hawakunihitaji. Ile njia ya Kwihara imekanyagwa na wapagazi tangu zamani, na ng'ombe wanaijua kuliko mimi.

Gaudensia alisikia magurudumu akatoka. Aliwatazama ng'ombe kwanza, mmoja, kisha wa pili. Ndipo akamtazama mumewe aliyelala, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Amekula?"