Jiko Nililolisafisha Toongabbie

Wakati wa lockdown huku ughaibuni Toongabbie, Mama Neema, mwenzangu kazini kutoka Kongo, alipata Korona. Nikamshikia zamu kwa bibi mzee Mzungu ambaye yeye humtunza nyumbani.

“Dada, usafishe jiko,” Mama Neema aliniagiza kwa simu. “Uzime, lipoe kabisa, utoe majivu, kisha utie mahindi ya gunia.”

Nilizima jiko la gesi, likapoa, nikalisugua likang'aa. Majivu sikuyaona, nikadhani Wakongo huita uchafu hivyo. Nikachemsha mahindi na maharagwe, githeri kama ya kwetu Nyeri.

Bibi alikuwa akitetemeka sebuleni ndani ya blanketi. Nilimpa bakuli, nikamwambia litampasha joto.

Alitazama punje, kisha akanionyesha sanduku la chuma pembeni nililodhani ni kabati. Lilikuwa jiko la kupasha nyumba joto, limejaa majivu na punje za mahindi zilizoungua nusu.

“Binti,” aliuliza, “umepika kuni zangu?”