Kanda ya Kumi na Mbili

Jumla yake ni hii: kanda kumi na mbili, betri jozi tatu, na sauti ya Tekla kwa siku kumi na tisa. Nimehesabu mara mbili, mwanangu, na mara zote mbili sauti ya Tekla ndiyo iliyotoka ghali.

Nakumbuka siku moja kuliko siku zangu zote za soko la Songea. Ni siku ile Mwalimu Nditi alipokuja kwa baiskeli kutoka Maposeni, akaiegemeza kwenye kibanda changu cha kanda, asiombe kupunguziwa bei. Mteja asiyeomba kupunguziwa, mwogope. Ama ni tajiri, ama amekuja kwa jambo jingine. Na Mwalimu Nditi hakuwa tajiri.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hadithi inayoanzia katikati ni kama kanda uliyoazima kwa mtu asiyejua kurudisha mwanzo.

Miaka hiyo ruksa ya biashara ilikuwa imeingia. Sisi tuliozoea kupanga foleni kuitafuta sabuni, tukaona sabuni inatutafuta sisi. Redio kaseti zilijaa madukani, na mimi, binti wa miaka ishirini na mbili mwenye mdomo, nikafungua kibanda. Kaka yangu Kastori alifuata mzigo Dar es Salaam, mimi niliuza. Kanda za dansi, za injili, za ngoma, zote nilikuwa nazo. Na nilikuwa na ubao mdogo mweusi, ambao kila Jumatatu niliuandika kwa chaki: KANDA YA WIKI HII. Chini yake maneno mawili matatu ya kuisifu. Watu walikuja kuusoma ubao hata wasio na redio. Walisema, akiisema Rozina, nunua. Nilijivuna sana. Sikujua kwamba mtu akikuamini mdomo, amekupa dhamana asiyokuandikia hati.

Safari moja Kastori akarudi na kanda ya ajabu ndani ya mzigo. Ilikuwa mpya, bado ina nailoni yake, na picha ya wanaume waliovaa makoti meusi wameshika fidla. Ilikuwa ya kwaya na vyombo vya Ulaya, huo muziki unaoitwa klasiki, wameimba Kilatini.

"Hiyo nimepewa nyongeza," akasema Kastori. "Wape watoto wachezee. Songea hii nani atanunua? Haichezeki."

Nikaiweka kwenye redio yangu ya betri. Zikaanza nyuzi polepole, kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa. Kisha kwaya. Kisha mwanamke mmoja akapanda juu ya kwaya yote, peke yake, akakaa huko juu bila kuomba msaada wa mtu. Fundi cherehani wa kibanda cha jirani alisimamisha mguu kwenye mashine. Nikamwambia Kastori, hii nauza. Akacheka. Nami nikazidi kukusudia, maana mimi ukitaka nifanye jambo, nicheke.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu, ila hapo nabishana nao. Hawakuwahi kuuza kanda Songea. Kizuri kisichojulikana kinakaa rafuni kinakula vumbi mpaka apatikane mtu wa kukisemea. Mimi nikajitwika kukisemea.

Kanda ilikuwa moja, na wasikilizaji niliwataka wengi. Basi nikafanya walichofanya wauza kanda wote siku hizo: nikaunganisha waya, redio yangu ya betri ikacheza, deki ya Kastori ya umeme ikarekodi. Nilirekodi jioni kadhaa mfululizo, kuanzia saa moja, mji mzima umewasha taa, na kila jioni umeme wetu wa jenereta ulichoka. Balbu ikawa rangi ya papai bivu. Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo penye kisa. Umeme ukichoka, mota ya deki inazunguka polepole. Kanda iliyorekodiwa polepole, ukiipeleka kwenye redio nzima yenye betri mpya, inakwenda mbio, na sauti inapanda juu. Mwanamume anakuwa kama mvulana, na mwanamke anakuwa kama sijui nini.

Nilizijaribu zote palepale, kwenye deki ileile iliyochoka, kwa hiyo zikasikika sawa. Nikazihesabu mara mbili. Kumi na mbili. Nikalala.

Asubuhi yake nikaweka moja kwenye redio yangu. Mwanangu, nilisikia. Sitakudanganya katika uzee huu. Zile nyuzi hazikuingia tena chumba cha mgonjwa. Zilikuwa zinakimbilia basi. Lakini watu wakasimama, mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Ee, leo umechangamka!" Sikio likaniambia simama, mdomo ukalikatiza sikio. Nikachukua chaki, nikaandika: KLASIKI MPYA. INA KASI, INACHANGAMSHA, SI YA KULALIA. Yaani kasoro yenyewe ndiyo niliyoisifu.

Zikatoka zote ndani ya wiki. Moja alichukua mzee wa korosho kutoka Nalasi, huko Tunduru, mwenye kofia ya kufuma kwa mkono, aliyefuata bati za kuezekea. Nikamwuliza kwa utani, "Mzee wangu, hii si ni ya kanisani?" Akanijibu, "Maneno siyajui, binti, wala dini yangu si hiyo. Lakini nyuzi hizo zinasema kweli, na kweli haiulizwi inaswali wapi." Nikampenda mzee yule. Nikamfungia kanda mbovu kwenye gazeti safi.

Na moja alichukua Tekla.

Tekla alikuwa msichana wa kwaya ya Maposeni, mkulima wa mahindi, mwenye sauti ya kwanza ambayo watu walitembea kutoka vijiji jirani kuja kuisikia. Sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia ilikuwa inakaribia, na safari hii kwaya za mjini zingealikwa. Mwanakwaya mmoja wa mjini aliwahi kuwaambia mbele za watu, "Ninyi watu wa jembe bakini na nyimbo zenu za kupiga makofi. Kilatini chenye vyombo kina wenyewe." Tekla akachukua fedha ya mahindi yake. Alikuja kwangu, akasimama mbele ya ubao.

"Dada Rozina, hii ni nzuri kweli?"

"Mdogo wangu, nimewahi kukuongopea?"

Akainunua. Mwalimu wao, huyo Nditi, alikuwa Madaba kwa nduguye wanavuna, basi kwaya ikajifunza yenyewe kwa kusikiliza kanda. Wiki tatu. Pale yule mwanamke wa kwenye kanda alipopanda, Tekla naye alipanda. Siku ya kwanza akakohoa. Wenzake wakamwambia, jikaze, mzungu ameweza. Akajikaza. Wiki ya tatu akaamka hana sauti, hata ya kumwita kuku.

Ndipo Mwalimu Nditi aliporudi, na kesho yake ndiyo siku ile ya baiskeli.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Washa redio. Weka kanda yako ya klasiki."

"Zimekwisha, Mwalimu, lakini nikikutafutia..."

"Nimekuja nayo."

Akaitoa mfukoni. Kwenye mfuko wa pili akatoa kile chuma chenye meno mawili ambacho walimu wa kwaya hukigonga kupata sauti ya kuanzia. Akakigonga gotini, akakisimamisha juu ya meza yangu. Meza yote ikavuma, nikausikia mvumo hadi kwenye viwiko.

"Wimbo huu ninao kwenye daftari, kwa nota," akasema. "Unaanzia sauti hiyo. Sasa cheza."

Nikacheza. Kanda ikaanzia juu, mbali na sauti ya meza, kama mtu na mgeni wake wanaopishana mlangoni.

"Tofauti ni ndogo, Mwalimu," nikasema, maana biashara ikinibana, ulimi hufanya kazi wenyewe. "Hebu tuone, nikupunguzie..."

"Upunguze nini? Sauti? Wewe umeipandisha."

Fundi cherehani akaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Rozina, umeuza koo ambalo Mungu hakuliumba. Mtoto wa watu ameling'ang'ania hadi limemchana. Sasa nijibu moja tu. Ulisikia?"

Nilitafuta jibu la sokoni. Yapo mengi, mwanangu, nilikuwa nayo tele. Siku hiyo nikazima redio.

"Nilisikia."

"Ungekuwa hukusikia ningekupa pole, ni ajali. Ulisikia, ukasifu." Akakirudisha chuma mfukoni. "Fedha yako sitaki. Uliisifu kwenye ubao huu, mbele ya watu hawa. Basi ukaisute kwenye ubao huuhuu, mbele ya watu haohao. Na usije ukanong'ona. Hukunong'ona uliposifu."

Alipoondoka Kastori alinishika mkono wenye chaki. "Dada, una akili? Nani amegundua zaidi ya huyo mzee? Ukiandika, umefunga kibanda. Nyamaza, sifu dansi, mambo yatapita."

"Yatapita yaende wapi?" nikamwuliza. "Kwenye koo la nani tena?"

Nikaandika mistari mitatu. KANDA YA KLASIKI NILIYOISIFU NI MBOVU. KOSA NI LANGU, IRUDISHENI. MUZIKI WENYEWE NI MZURI.

Loo! Soko lilipata chakula. Wakaja wa karibu na wa mbali. "Si tulisema? Mambo ya wazungu hayafai huku!" Fundi cherehani naye, "Mungu mwenyewe amekataa!"

"Mungu hakukataa," nikamjibu, "umeme ndio ulikataa, na mimi nikaufichia siri."

Mstari wa tatu ndio uliowakera. Mmoja akaniambia niufute, angalau nionekane nimetubu. Nikakataa. Kosa langu nililibeba lote, wala sikumwachia mtu kipande. Lakini sikuwa tayari muziki ule uadhibiwe kwa niaba yangu. Mstari ule ulikaa ubaoni wiki nzima. Mvua ingeunyeshea ningeuandika tena.

Nikanunua betri, nikaazima redio ya pili, nikarudia kurekodi, betri kwa betri, adhuhuri, nikisikiliza kila kanda pande zote mbili toka mwanzo hadi mwisho. Mara mbili. Kanda moja moja zikaanza kurudi, nikatoa nzima, nikapokea mbovu. Jumatatu iliyofuata nikasifu klasiki nyingine mpya, ya vyombo vitupu. Wiki hiyo nikauza mbili tu. Wiki iliyofuata nne.

Na Tekla? Mwalimu alimkataza kusema. Siku kumi na tisa hakutoa neno, hata kwa mama yake. Nilimpelekea kanda nzima mwenyewe kwa miguu, akanipokea uani, akaichukua, akaniangalia. Usiombe kuangaliwa hivyo. Nilimwambia samahani, akaitika kwa kichwa, akarudi kupukuchua mahindi. Mimi nikakaa, nikapukuchua naye mpaka gunia likajaa. Hakunifukuza, na hakunikaribisha.

Siku ya ishirini ndiyo ilikuwa sikukuu. Hakuna aliyejua kama sauti ipo, kwa sababu Mwalimu hakuruhusu ijaribiwe. Kanisa lilijaa, na kwaya za mjini zimekaa mbele na sare zao. Mwalimu akagonga chuma gotini. Wale watu wa jembe wakaanza polepole, kwa sauti waliyoumbiwa, na mahali pa fidla wakavumisha midomo iliyofungwa. Wimbo ulipofika pale pa juu, Tekla akapanda. Sauti ilikuwa na mkwaruzo kidogo juu, kama kitambaa kilichoshonwa mahali kilipochanika. Lakini ilipanda, ikakaa. Yule mwanakwaya aliyesema kina wenyewe nilimwona anatazama viatu vyake. Mimi nililia bila kuhesabu.

Nje, Tekla akanijia, akaniwekea mkononi ile kanda mbovu ambayo Mwalimu alimrudishia.

"Dada, ile mpya uliisikiliza?"

"Mara mbili."

"Basi ukinisifia nyingine, nitanunua."

Mkwaruzo ule hakuupona, mwanangu. Anaimba nao hadi leo, na wapo wanaompenda kwa huo. Mimi kila nikiusikia najua ni wa nani.

Sasa nasaha zangu ni hizi. Ninyi leo mnasifu kwa kidole gumba, mnatuma wimbo kwa watu mia kabla haujafika katikati. Sikiliza kwanza, hadi mwisho, upande wa pili nao. Sikio likikuambia simama, mdomo utii, hata kama watu wanatikisa vichwa. Ukikosea, jisute palepale uliposifu, na kwa sauti ileile. Na wakikuambia muziki fulani una wenyewe, si wa mtu wa Maposeni wala wa Nalasi, usinywee. Waambie Bibi Rozina amekataa. Mwenye wimbo ni aliyeusikiliza vizuri.

Mungu akupe sikio lisilonunulika, na mdomo unaolifuata nyuma kama mtoto anavyomfuata mamaye. Akupe na watu wa kukuuliza, "Ulisikia?"

Ila bado nina deni. Kanda zilizorudi ni kumi na moja, nimehesabu mara mbili. Yule mzee wa Nalasi alishaondoka na bati zake kabla sijaandika ubao. Nilituma salamu kwa madereva wa malori, hazikujibiwa. Huenda ametangulia mbele ya haki akiamini kwamba nyuzi zile hukimbia hivyo, na ni mimi niliyemwambia. Kama una ndugu huko Tunduru, mwulize: kwao hakuna kanda ya zamani, imefungwa gazeti, haina picha? Niletee. Nzima yake ninayo hapa kabatini, na jana tu nimeisikiliza tena, pande zote mbili.