Nguo za Darubini

Mume wangu aliporudi kutoka porini mwaka ule, kabla hata hajavua viatu, alitoa mfukoni leso iliyokunjwa akaiweka juu ya cherehani yangu. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mpira mweusi, cha mviringo kama kifuniko cha chupa ya chai, kimepasuka katikati. Nilidhani ni kitu cha gari. Akaniambia ni kifuniko cha darubini ya bunduki, kile kinachozuia vumbi lisikae kwenye kioo, na kwamba kilikuwa kimemtia aibu mbele ya watu.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilizaliwa Sapiwi katika nyumba ya wakulima wa pamba, nikajifunza kushona kwa mama mmoja wa kanisani kwetu, kisha nikapanga kibaraza karibu na soko la Bariadi. Yeye alikuwa mtu wa Meatu, mtoto wa wafugaji. Alikua akifuata ng'ombe waliopotea mpaka akajua kusoma ardhi kama wengine wanavyosoma gazeti. Kazi yake ilikuwa kusoma nyayo katika kambi ya uwindaji wa kitalii, mbele ya Mwanhuzi. Wageni walikuja na vibali vyao, wakaongozwa na mwindaji bingwa wa kambi, na mume wangu alitangulia mbele ya wote, macho chini.

Msimu ulianza Julai ukaisha Desemba. Mvua zikishika, alikuwa wangu. Tulilima pamba pamoja, tukapanda mpunga bondeni, jioni tukala michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga tukiwa hatuna haraka ya kwenda popote. Juni ikikaribia nilianza kumwangalia sana, kama mtu anayekariri kitu atakachoulizwa baadaye.

Habari ya kile kifuniko ilikuwa hivi. Siku hiyo mbeba bunduki aliumwa, mume wangu akapewa abebe bunduki ya kambi ambayo mgeni alikuwa ameikodi. Jua lilikuwa limeukausha mpira, ukapasuka njiani bila yeye kujua, na vumbi la Meatu, ambalo ni laini kama unga, likakaa kwenye kioo. Walipomfikia mnyama, mgeni akaona ukungu mtupu. Akafuta kioo kwa shati lake, na mchanga ukakikwaruza. Mwindaji bingwa alimwita mume wangu pembeni, lakini si mbali vya kutosha, akamwambia kwamba mtu akipewa kitu cha mwenzake akibebe, anakibeba chote.

"Hakupiga kelele," mume wangu aliniambia. "Angepiga kelele ningeshasahau."

Alikuwa ameuliza madukani mpaka Mwanza, hakupata. Kuagiza kutoka nje kungekula msimu mzima. Akaniambia kwamba mimi ninawavalisha watu wa kila umbo, na hiki kitu chake hakina hata mikono.

Nilianza na jinzi. Nikashona mfuko mdogo kwa kila upande wa darubini, nikautia lastiki. Yeye akatafuta kipande cha bomba la plastiki chenye unene wa darubini, akawa anazunguka nacho nyuma ya nyumba. Alipiga goti katikati ya pamba, akatazama mbali, akajaribu kuvua kifuniko kwa kidole kimoja bila kukiangalia. Majirani walipita wakamsalimia, "Mwadila," naye akaitikia huku amelenga bomba kwenye mti wa jirani. Nilicheka hadi nikashika ukuta.

Jinzi ilishindwa. Iliacha nyuzi kwenye kioo, na ilipovuliwa ilikwama. Nikajaribu ngozi ya mbuzi. Siku ya kwanza ilikaa vizuri, baada ya wiki ikakauka, ikawa inalia ikiguswa. Akanieleza kwa upole kwamba porini sauti ndogo kama ile inatosha kuwaharibia watu asubuhi nzima. Kwa hiyo nikajua ninachotafuta: kitu kisicholia, kisichoacha manyoya, kinachovulika kwa kidole kimoja, na kilichofungwa kamba ili kisianguke majanini.

Kwa nje nilipata turubai la pamba, kuukuu, lililokwisha kulainika. Kwa ndani ndipo palipokuwa pagumu. Nilipita meza zote za vitambaa sokoni, nikasugua kila kimoja kwenye kioo cha saa yangu, na vyote viliacha vumbi la nyuzi. Nilikuwa najua tangu mwanzo kitambaa gani kingefaa. Kilikuwa kwenye sanduku, chini ya kitanda.

Miaka miwili nyuma tulipata mtoto wa kike. Alikuja kabla ya wakati wake, akakaa nasi siku mbili. Nasema nasi, lakini baba yake alikuwa porini, na ujumbe ulipomfikia akasafiri, akafika tumeshazika. Alikaa na wazee, akapokea pole, akarudi kazini. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Kitambaa hicho nilikuwa nimemnunulia yule mtoto, cheupe kama maziwa, laini, nimekifua mara tatu ili kisimkwaruze. Kwa kuwa kilifuliwa sana, hakikuacha hata uzi mmoja.

Nilikikata mchana, kibarazani, watu wakipita. Nilikata kidogo tu, kwenye pembe.

Jioni alikigeuza kifuniko ndani nje, akapitisha dole gumba.

"Hiki ni kile," alisema.

"Ndicho."

"Umekikata."

"Kilikuwa kinakaa tu."

Akaketi kizingitini, mgongo kwangu. Nilidhani amekasirika. Baada ya muda akaniuliza mtoto alifanana na nani. Miaka miwili hakuwa ameniuliza. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi, na kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kilipinda kama chake. Akauliza alikuwa mrefu kiasi gani. Nikanyoosha mkono wangu, nikamwonyesha kutoka kwenye kifundo mpaka kupita kiwiko kidogo. Aliushika mkono wangu pale pale nilipoonyesha, na hakuuachia mpaka giza likaingia.

Kifuniko kile kilifanya kazi. Msimu uliofuata meneja wa kambi akataka bunduki zote zishonewe, na kwa kuwa darubini hazilingani, ikabidi niende mwenyewe kupima. Nilipanda basi hadi Mwanhuzi, nikalala kwa mama mkwe, asubuhi gari la kambi likanichukua. Njia nzima nilikuwa na furaha ambayo sikutaka dereva aione. Nilikuwa naenda kumwona mume wangu mwezi wa Agosti, mwezi ambao siku zote nilimkosa.

Nilipofika hakuwepo, walikuwa wametoka kukagua maji. Mtunza silaha, mzee mpole mwenye miwani, alikuwa ameshazifungua darubini kutoka kwenye bunduki, amezipanga juu ya meza iliyotandikwa shuka. Nilipima kila moja mbele na nyuma kwa futi yangu, nikaandika. Nilipomaliza akaniambia nichukue moja, nitazame bondeni, kwa sababu fundi ni vizuri ajue kitu anachokivalisha. Akasema kwamba ikiwa juu ya bunduki asingemruhusu mtu yeyote kuielekeza kwa binadamu, lakini hivi ilikuwa kioo tu.

Nikatazama. Kwanza niliona majani, kila jani peke yake. Kisha wakaingia watu watatu wakipanda kutoka mtoni, na wa mbele alikuwa yeye. Aliinama, akagusa ardhi kwa ncha ya vidole, akasema neno, wenzake wakainama pia. Halafu akacheka. Kichwa kilienda nyuma, meno yote nje. Nilikuwa karibu naye kiasi kwamba niliona jasho shingoni, na bado sikusikia kitu. Nyumbani alikuwa mtu mtaratibu, mkimya, anayejitahidi. Pale alikuwa mtu aliyefika kwake. Nilishusha darubini, akawa alama ndogo ng'ambo ya bonde. Alinipungia mkono, macho yake hayakuhitaji kioo. Nikapunga nami, nikijua kwamba hata Januari atakaponilalia begani kutakuwa na sehemu yake iliyobaki huku.

Tulipata misimu miwili mingine mizuri. Kisha kitalu kile cha uwindaji kikafungwa na kambi ikahamia kusini, safari ya siku mbili kwa basi. Alinitaka tuende wote. Alisema kuna mji mdogo karibu na pori, mafundi hawapo, ningepata kazi. Nilimwambia nitafikiri. Nilikuwa na wateja, nilikuwa na mama yake ambaye miguu ilianza kumsumbua, na nilikuwa na kaburi dogo Sapiwi ambalo nilipalilia mwenyewe. Nikamwambia atangulie. Neno hilo nimelirudia peke yangu mara nyingi. Hakunilazimisha. Angenilazimisha ningekwenda.

Mvua za kwanza alikuja. Za pili alisema barabara imekatika. Za tatu alipiga simu mchana, nikiwa na wateja, akaniomba nitoke nje.

"Kuna mtu huku," alisema. "Na kuna mtoto. Sikutaka uambiwe na mwingine."

Nikauliza mtoto ni wa kiume au wa kike. Akasema wa kike. Nikauliza kama ni mzima. Akasema ni mzima. Nikamwambia nina wateja.

Wazee wa pande zote walikaa. Ng'ombe walitajwa, lawama zikatajwa, na wao ndio waliochoka kwanza. Kilichonishangaza ni mama mkwe. Wiki iliyofuata alishuka kwenye basi la Mwanhuzi na godoro lake, akaniambia amekuja kukaa na mwanawe. Nikamwambia mwanawe yuko kusini.

"Huyo namjua," alisema. "Nimekuja kwa huyu aliyebaki."

Tumekaa hivyo hadi leo, wanawake wawili tunaomkumbuka mtu mmoja. Jumapili baada ya ibada anapiga simu. Nampa mama kwanza. Wanaongea Kisukuma kirefu, cha ng'ombe na ndugu na nani kaoa nani, halafu mama ananipa simu na kujifanya ana kazi jikoni. Sisi tunaongea habari za mvua. Zamani niliogopa ile dakika kabla ya kuaga, kwa sababu hapo ndipo aliponyamaza, nami nikamsikia anavyopumua, na pumzi yake haijabadilika.

Mwaka huu aliniambia mtoto anaanza darasa la kwanza na sare zilizoshonwa kule hazimkai. Hakuniomba. Mimi ndiye niliyemwambia achukue kamba, ampime mabega, kifua, kiuno na urefu, anitajie. Alipima vibaya, nikamrudisha mara mbili, nikasikia sauti ya mtoto ikicheka kwamba kamba inamtekenya. Nilishona mashati mawili na sketi mbili, pindo nikaacha refu ili liongezwe akikua. Nilituma kwa basi.

Picha ilikuja kwenye simu. Mama mkwe aliisogeza karibu na macho, akaitazama sana, akasema miguu ni ya babu yake. Mimi nilitazama mabega. La kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, kosa la kamba. Nikampigia baba yake nikamwambia kwa kamba siwezi, amlete mtoto mwenyewe nimpime.

Akasema ataangalia likizo ya Desemba. Nimewaambia wateja kwamba mwezi huo sitachukua kazi nyingi.