Giza Linatoka, Ukungu Hautoki

Mtaani walimwita Fundi Picha, ingawa kamera hakuruhusiwa kuigusa. Kamera ilikuwa ya mjomba wake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Yeye mahali pake palikuwa chumba cha nyuma cha studio, kisicho na dirisha, mbele ya kompyuta kuukuu iliyounguruma kutwa nzima.

Humo alisafisha picha ghafi, zile ambazo kamera huhifadhi kama ilivyoziona, hazijapikwa. Alitumia programu ya bure, iliyoundwa na watu wa kujitolea asiowajua. Aliongeza hiki, akapunguza kile, na bibi harusi aliyepigwa gizani akajitokeza na shanga zake zote. Wateja wakammwagia mjomba sifa.

Lakini macho ya mjomba yalikuwa yanafifia. Picha zilizidi kuja nyeusi, rangi zimepotoka, naye mpwa akazinyoosha. Kadiri alivyozinyoosha, ndivyo mjomba alivyojiona bado ni yule yule, na ndivyo yeye alivyozidi kuganda mle ndani. Siku aliyoomba apige japo harusi moja, mjomba aling'aka: "Nimekulea, nimekusomesha, leo unataka kuninyang'anya kamera? Kweli fadhila ya punda ni mateke!"

Akarudi chumba cha nyuma.

Ikaja harusi ya binti wa jirani. Alizifungua picha moja baada ya nyingine. Mjomba alikuwa ametumia lenzi ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono mpaka sura ionekane wazi, na hakuna hata moja iliyotoka wazi; zote zilikuwa ukungu.

"Mjomba, hizi zimekataa."

"Zitengeneze."

"Giza naweza kulitoa. Ukungu siwezi."

"Ndiyo taabu ya vitu vya bure!" Mjomba alivuta kiti, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. "Mbona iko safi? Bibi harusi anacheka vizuri tu."

"Analia, mjomba. Ameshika leso machoni."

Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akatazama tena.

Walikwenda pamoja kwa jirani kuomba radhi. Mjomba alisema kamera iliharibika, mpwa akaitikia. Mpwa alipomsihi waende hospitali kupima macho, mjomba alikataa katakata.

Siku hizi mpwa hutoka naye kwenda kupiga picha. Kamera iko shingoni mwa mjomba; yeye husimama ubavuni, akitazama kioo cha nyuma ya kamera, vidole vikizungusha lenzi, akinong'ona, "Bado... bado... sasa." Mjomba hubonyeza. Watu husema, mzee kajaliwa mpwa mtiifu. Wakirudi, mjomba hujinyoosha kitandani, naye mpwa huketi kuzisafisha picha.

Picha sasa ni kali kama wembe. Mjomba amekubali harusi nyingine mbili.