Milimau ya Waliohamia Texas

Yule mhamishaji mizigo wa mji wa Fresno habishi hodi. Hupiga ukuta kofi moja, akapandisha suruali, akaingia. Mikono yake mipana huviringishia viti mablanketi kama anayefunika watoto, na kila anachokibeba hukisemesha: "Haya mzee, safari ya Texas." Nusu ya mtaa imeshapita ndani ya lori lake, kinyozi, ofisi ya bima, kiwanda kizima cha makopo. Siranush, aliyekuwa akihamisha duka lake la ushonaji, alimfuata nyuma akiomba asilifikie kabati la mwisho. Alilifikia. Akasukuma makoti pembeni, akautoa mlimau uliopandwa kwenye ndoo.

"Dada, wote mnauficha kabatini. Wakaguzi wa Texas hawataki milimau ya huku, wanahofia magonjwa ya mimea. Wakiuona, wanauchukua."

"Aliupanda marehemu mama. Basi niwekee, nitaurudia mwakani."

Hakumbishia. Aliupakata hadi uani kwake, nyumba ya tatu kutoka hapo, Siranush akimfuata asiuamini mkono wake. Walipofika, Siranush alisimama langoni. Ua mzima ulikuwa milimau mitupu, kila ndoo imeandikwa jina kwa rangi. Ule wa kinyozi ulikuwa umeshapita paa.

"Kuna aliyewahi kurudi?" Siranush aliuliza.

Yule bwana alipandisha suruali, akachukua brashi, akaanza kuandika jina la Siranush kwenye ndoo.

"Huu wako," alisema bila kugeuka, "unapenda jua la asubuhi au la jioni?"